Mrija wa nyongo umepanuka na chanzo hakionekani: je, EUS ni ya lazima, au twende moja kwa moja kwenye ERCP?

MwanaLikoni ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaikum na habari za jioni.

Naomba ushauri kuhusu Mama yangu mwenye umri wa miaka 63. Mwaka 2015 alifanyiwa upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo kwa sababu ya mawe, akapona vizuri, na kwa miaka mingi hakusumbuka. Miezi minne iliyopita alianza kupata maumivu kwenye chembe cha moyo, yakivuta kidogo upande wa kulia, hasa usiku. Humshika saa moja au mbili kisha humwachia, wala hayaji kila siku. Hajapata homa, macho yake hayajageuka manjano, mkojo ni wa kawaida na uzito haujapungua. Ana kisukari anachokitibu kwa vidonge vya metfomini, na humeza aspirini ndogo kila siku aliyoandikiwa na daktari wa moyo.

Alipopigwa ultrasaundi hapa Mombasa, ripoti ilisema kwamba mrija mkuu wa nyongo umepanuka hadi milimita 12 na kwamba sehemu yake ya chini haikuonekana kwa sababu ya gesi ya utumbo. Vipimo vya damu vilionyesha bilirubini ya kawaida na vimeng'enya vya ini vya kawaida, isipokuwa kile kinachoandikwa ALP, ambacho kilikuwa 148 ilhali kikomo cha maabara hiyo ni 120. Baadaye alifanyiwa CT yenye dawa ya kuingizwa kwenye mshipa. Nayo ilionyesha upanuzi ule ule ukishuka hadi karibu na mwisho wa mrija, mrija wa kongosho ukiwa wa kawaida, na ikamalizia kwa maneno haya: hakuna jiwe wala uvimbe, chanzo cha upanuzi hakikuonekana.

Tumeonana na madaktari wawili. Wa kwanza ametuelekeza Nairobi kwa kipimo cha EUS, yaani ile endoskopi yenye ultrasaundi kwenye ncha yake. Wa pili anasema hiyo ni njia ndefu, na kwamba ni bora kufanya ERCP mara moja, yaani endoskopi inayoingia ndani ya mrija wenyewe wa nyongo, kwa kuwa humo humo daktari anatazama na humo humo anatibu. Mama naye ana lake. Amechoka kuchomwa na kupigwa picha, na kila karatasi inayorudi ina neno lile lile, "haikuonekana". Juzi aliniuliza: ikiwa CT, ambayo ni mashine kubwa kama chumba, haikuona kitu, hiyo kamera nyembamba ya kumezwa itaona nini? Sikuwa na jibu, nikanyamaza.

Je, kuna tofauti ya kweli kati ya vipimo hivi, au tunazungushwa tu?

---

Tabibu wa Tumbo amejibu:

Wa alaikum salaam ndugu MwanaLikoni, na unifikishie shikamoo kwa Mama. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ini na mfumo wa chakula, lakini sijamwona mgonjwa wala picha zake, kwa hiyo chukua maneno yangu kama maelezo, na uamuzi ubaki kwa daktari wake.

Nitaanza na swali la Mama kwa sababu ndilo lililogusa kiini cha jambo. Ukubwa wa mashine hausaidii sana hapa. Kinachosaidia ni kuwa karibu. Mrija mkuu wa nyongo hutoka chini ya ini, ukapita nyuma ya sehemu ya kwanza ya duodeni, yaani ule utumbo unaopokea chakula kutoka tumboni, kisha ukazama ndani ya kichwa cha kongosho na kuungana na mrija wa kongosho kabla ya kufunguka ndani ya duodeni kwenye kinundu kidogo kiitwacho chuchu ya Vater, kwa jina la Mjerumani Abraham Vater aliyekieleza mwaka 1720. Sentimita mbili tatu za mwisho za safari hiyo ndipo mahali ambapo mawe hukwama na vivimbe vidogo hujificha, na kwa bahati mbaya ndipo mahali pagumu kuliko pote kupaona kutoka nje. Mawimbi ya ultrasaundi ya kawaida hupita kwenye ngozi, mafuta na misuli, kisha hukutana na utumbo uliojaa hewa, na hewa huyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo yule aliyeandika kwamba sehemu ya chini haikuonekana hakuzembea, aliandika ukweli.

CT haizuiwi na hewa, lakini ina udhaifu wake. Mawe mengi ya nyongo yametengenezwa kwa kolesteroli, na uzito wake mbele ya mionzi unaweza kulingana na wa nyongo yenyewe, hivyo jiwe linakuwa limelala pale pale na picha inaonyesha mrija uliojaa kimiminika tu. Vivimbe vidogo vya kwenye chuchu, hasa vilivyo chini ya sentimita moja, navyo huweza kuiponyoka CT bila kosa la mtu yeyote.

EUS huingia kwa mdomo, hupita tumboni na kusimama ndani ya duodeni yenyewe, ambako kati ya ncha yake na mrija wa nyongo hubaki milimita chache za nyama. Kwa kuwa sauti haihitaji kusafiri mbali, mtaalamu anaweza kutumia masafa ya juu, kwa kawaida kati ya megahezi 5 na 12, na masafa ya juu huonyesha vitu vidogo zaidi ingawa hayafiki mbali. Jiwe la milimita 2 au 3 huonekana kama doa jeupe lenye mkia wa kivuli cheusi nyuma yake, na mara nyingi husogea kidogo skopu inaposogezwa. Ukuta wa mrija huonekana tabaka kwa tabaka. Pakionekana kitu cha kutilia shaka, sindano nyembamba hupitishwa ndani ya skopu hiyo hiyo na kuchukua kinyama cha kupelekwa patholojia. Utaalamu huu ulianza kuelezwa mwaka 1980, kwa hiyo si jambo la majaribio, ingawa kwetu umechelewa kufika na hadi leo haupo kila mahali.

Sasa kuhusu milimita 12. Kwa mtu mzima mwenye kifuko chake cha nyongo, wengi wetu huanza kujiuliza maswali mrija ukipita milimita 6 au 7. Umri huupanua polepole, na kutolewa kifuko huupanua pia, kiasi kwamba milimita 10 kwa mtu aliyekwisha kutolewa kifuko si jambo la kushtua. Mama ana sababu zote mbili, na amepita kikomo hicho kwa kiasi kidogo. Kupanuka kwa mrija peke yake si ugonjwa. Ni kama maji kujaa kwenye mfereji wa barabarani: inawezekana mbele kuna takataka zilizoziba, na inawezekana mfereji wenyewe ulichimbwa mpana. Kinachonifanya nisimwambie Mama arudi nyumbani akapumzike ni maumivu pamoja na hiyo ALP. Mtu asiye na dalili na mwenye damu safi kabisa, kwake EUS huambulia mara chache sana. Kwa mtu mwenye umanjano huambulia mara nyingi. Mama yuko katikati.

Lakini ALP hutoka pia kwenye mifupa, na wanawake wa umri wake huwa na sababu nyingi za kuipandisha zisizohusiana na ini. Kabla ya kupanda treni, naomba apimwe kimeng'enya kingine kiitwacho GGT, ambacho bei yake ni ndogo. Kikiwa juu, ALP yake imetoka kwenye njia za nyongo. Kikiwa cha kawaida, shaka yangu itapungua, ingawa haitaisha. Mwulizeni pia kama anatumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, mofini au kodeini kwa mfano, kwani hizo hukaza msuli wa mlango wa mrija na kuupanua mrija bila jiwe lolote. Na kwa mazingira yetu mtaalamu akumbuke minyoo mikubwa aina ya askarisi, ambayo hupanda kutoka utumboni na kuingia kwenye mrija, na maambukizi ya njia za nyongo yanayowapata watu wenye VVU ambao CD4 zao zimeshuka chini ya 100. Sisemi kwamba Mama ana lolote kati ya hayo. Nasema tu kwamba orodha ya Mombasa haifanani kwa kila kitu na orodha ya London.

Kuhusu ERCP, msimamo wangu ni thabiti: hicho ni chombo cha kutibu, na hatuingii nacho kwa ajili ya kuchungulia. Katika ERCP mrija wenyewe huingiliwa, dawa ya rangi humiminwa ndani, na mara nyingi mlango wake hukatwa. Kati ya watu 100 wanaofanyiwa, takriban 3 hadi 10 hupata mchochota wa kongosho, na wachache miongoni mwao huugua vibaya. EUS ya kutazama tu haiugusi mrija. Hatari yake kubwa ni kutoboka kwa utumbo, na hilo hutokea kwa chini ya mtu mmoja katika kila 1,000. Kama Mama angekuwa na homa, kutetemeka na macho ya manjano, au jiwe limeonekana waziwazi kwenye picha, au bilirubini imepita miligramu 4 kwa desilita huku mrija ukiwa umepanuka, ningekubaliana na daktari wa pili bila kusita. Hana hata moja kati ya hayo.

---

Msoma Picha amejibu:

Namheshimu Tabibu na sina ugomvi na maelezo yake ya ERCP. Nina hoja mbili tu kutoka upande wetu wa chumba cha giza.

Ya kwanza ni kipimo chenyewe. Hizo milimita 12 zilipimwa wapi, na kwa namna gani? Mrija mmoja unaweza kuwa na milimita 8 karibu na ini na milimita 12 nyuma ya duodeni. Kuna wanaopima kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani, na kuna wanaojumlisha na unene wa kuta. Nimewahi kuletewa mgonjwa ambaye "mrija wake ulikuwa umekua" kwa milimita 3 ndani ya mwezi mmoja. Nilipozitazama picha zote mbili nikakuta kwamba kilichobadilika ni mkono wa mpimaji. Kwa hiyo, ndugu MwanaLikoni, kabla ya kutafuta picha mpya, tafuta za zamani. Mtu aliyetolewa kifuko mwaka 2015 lazima alipigwa ultrasaundi kabla ya upasuaji, na huenda alipigwa nyingine miaka iliyofuata. Kama mrija ulikuwa hivyo hivyo wakati huo, hadithi inabadilika.

Ya pili ni MRCP, ambayo hakuna aliyeitaja. Hii ni picha ya MRI inayoonyesha vimiminika vikiwa vyeupe, hivyo mti mzima wa mirija ya nyongo hujitokeza wenyewe bila skopu, bila dawa ya usingizi na bila mionzi. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yaliyovilinganisha vipimo hivi viwili katika kutafuta mawe yaliona kwamba EUS hunasa takriban asilimia 95 na MRCP takriban 93, ambayo ni tofauti ndogo. MRCP inapatikana kwa urahisi zaidi, na inaonyesha vizuri mirija ya ndani ya ini na njia panda yake, mahali ambapo EUS haifiki sawasawa. Kwa nini Mama wa miaka 63 mwenye kisukari asafirishwe hadi Nairobi akapewe nusukaputi kabla ya kupita kwenye mashine ambayo haimgusi?

---

Tabibu wa Tumbo amejibu:

Hoja ya picha za zamani ni bora kuliko yangu ya GGT, na nimeona haya kwamba sikuianza mimi.

Kuhusu MRCP, mwenzangu ana haki, na kama ingekuwa shaka iko juu, karibu na ini, ningemtangulizia yeye. Lakini wastani huficha jambo moja. Mawe yaliyo chini ya milimita 5 na vivimbe vya kwenye chuchu ndiyo yanayoiponyoka MRCP, na ndiyo hasa yanayobaki kushukiwa pale ambapo CT imekwisha kupita na kukuta mrija umepanuka hadi chini kabisa. Nikimpeleka kwenye MRCP ikarudi na neno "haikuonekana", bado nitataka EUS, na Mama atakuwa amelipa mara mbili. Pale ambapo mashine ya MRI ipo jirani na EUS iko mbali, au mgonjwa hawezi kulazwa usingizi, au alikwisha kukatwa tumbo na kuunganishwa upya kiasi kwamba skopu haiwezi kuifikia duodeni, basi MRCP itangulie. Na mwenye kifaa cha moyo cha umeme aulizwe kwanza kama kinaruhusu MRI.

---

Shemeji wa Bukoba amejibu:

Mimi si mtu wa tiba. Naandika kwa sababu nililala kwenye benchi la hospitali siku tisa kutokana na jambo hili hili.

Ndugu wa mke wangu, mwanamume wa miaka 44, alikuwa na mrija wa milimita 9 na maumivu ya kuja na kuondoka. Damu yake ilikuwa nzuri. Tuliambiwa maneno yale yale, kwamba ERCP itatazama na kutibu kwa pamoja, nasi tuliyapenda kwa sababu yalikuwa na harufu ya kumaliza jambo siku moja. Alitoka chumbani saa tano asubuhi akiwa anacheka. Saa kumi jioni alikuwa amejikunja kitandani, magoti kifuani, maumivu yakimtoka tumboni kwenda mgongoni, anatapika maji ya kijani. Kongosho lilikuwa limewaka. Alipona, alhamdulillahi, lakini kwa dripu na kwa kufunga siku nyingi, na bili yake sitaki kuikumbuka. Jiwe halikukutwa, mlango wa mrija ulikatwa kidogo "kwa tahadhari".

Sisemi daktari alikosea mkono, na hospitali siitaji. Tulisaini karatasi wenyewe, na hatari ilikuwa imeandikwa. Ninachojutia ni kwamba hakuna aliyetuambia kuwa kuna njia ya kuangalia kwanza bila kugusa, na sisi hatukujua kuuliza. Wewe umejua kuuliza, basi uliza.

---

Muuguzi wa Muscat amejibu:

Salaam nyingi kutoka Oman. Nafanya kazi katika chumba cha endoskopi hapa Muscat, asili yangu ni Unguja, na wagonjwa wengi wa EUS hupita mikononi mwangu. Waliotangulia wameeleza sababu. Naomba niongeze yale ya siku yenyewe, maana ndiyo yanayowatia watu hofu usiku wa kuamkia kipimo.

Mama atafunga chakula kwa saa 6 angalau. Maji matupu huruhusiwa hadi saa 2 kabla, isipokuwa kituo kikisema vingine. Kwa kuwa ana kisukari, ombeni apangiwe wa kwanza asubuhi, na metfomini ya asubuhi hiyo asiinywe mpaka daktari wake aseme. Aspirini ndogo kwa kawaida haizuii kipimo hiki, hata sindano ikihitajika, wala asiiache kwa uamuzi wake. Dawa nzito za kuzuia damu kuganda, kama wafarini au klopidogreli, ndizo zinazohitaji mpango wa siku kadhaa kabla. Kama ana meno ya bandia ayavue, na aje na kanga moja ya ziada, kwani vyumba vyetu ni vya baridi.

Chumbani atalazwa ubavu wa kushoto, atawekewa kifaa cha kung'ata ili asiume skopu, oksijeni puani, kidude cha kupima hewa kidoleni, kisha dawa ya usingizi kwenye mshipa. Wengi hukumbuka harufu ya plasta na baada yake hawakumbuki kitu. Skopu ya EUS ni nene kidogo kuliko ya kawaida na ncha yake ni ngumu, kwa sababu imebeba ultrasaundi; puto dogo lenye maji hujazwa pale nchani ili sauti ipite bila hewa katikati. Kazi huchukua dakika 20 hadi 45, na ikiwa kuna kuchukua kinyama huongezeka. Akiamka koo litakuwa linakereketa na tumbo limejaa upepo, vyote kwa siku moja hivi. Asiachwe peke yake siku hiyo, asisaini jambo lolote la fedha, na asisafiri usiku ule ule. Treni ya kesho yake inatosha.

Jambo moja ambalo watu hawalijui: kamera ya skopu ya EUS hutazama kwa upande upande, si mbele moja kwa moja, kwa hiyo tumbo lenyewe halionekani vizuri kupitia hiyo. Mtu akiwa na maumivu ya chembe cha moyo, mwombeni daktari apitishe kwanza skopu ya kawaida katika usingizi huo huo. Huongeza dakika tano. Nimeona mara nyingi jibu likipatikana hapo, kabla hata ultrasaundi haijawashwa.

Wakirudi nyumbani, maumivu makali ya tumbo, homa, kutapika damu au choo cheusi kama lami ni sababu ya kurudi hospitali usiku huo huo bila kungoja asubuhi.

---

MwanaLikoni amejibu:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo mkononi.

GGT ilikuwa ya kawaida. Hakunywa dawa yoyote ya jamii ya afyuni. Kuhusu picha za zamani, tulipekua kabati zima bila mafanikio, mpaka mkamwana wake alipokumbuka mfuko wa nailoni uliokuwa chini ya godoro pamoja na hati ya shamba. Humo mlikuwa na ripoti ya ultrasaundi ya mwaka 2017, aliyopigwa kwa sababu ya mkojo, na ndani yake mstari mmoja ambao hakuna aliyewahi kuusoma: mrija wa nyongo milimita 11, mgonjwa alikwisha kutolewa kifuko.

Nilidhani jambo limeisha, lakini daktari wa kwanza alisema kwamba mrija wa tangu zamani hauelezi maumivu ya miezi minne, na kwamba jiwe linaweza kuingia hata kwenye mrija uliokuwa mpana siku zote. Tukapanda treni ya SGR hadi Nairobi. Nilimwomba daktari wa huko apitishe skopu ya kawaida kwanza, kama alivyoagiza dada yetu wa Muscat, naye akasema ndivyo afanyavyo siku zote.

Ripoti ya EUS inasema hivi: mrija una milimita 12, unapungua taratibu na kwa ulaini hadi kwenye chuchu, hakuna jiwe wala tope la nyongo, ukuta wake ni mwembamba, chuchu ni ya kawaida, kongosho halina uvimbe. Hakuna sindano iliyochomwa. Ripoti ya skopu ya kawaida ndiyo iliyotushangaza: kuna kidonda cha milimita 8 sehemu ya chini ya tumbo, karibu na mlango wa kuingilia duodeni, na vinyama vilivyochukuliwa vimeonyesha H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, bila dalili ya saratani.

Mama alipoelezwa alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo mumenipeleka Nairobi kwa ajili ya nyongo, na nyongo haina kitu?" Naomba mnisaidie tena. Je, mrija huu upimwe kila mwaka? Na aspirini tuifanyeje?

---

Tabibu wa Tumbo amejibu:

Mwambie Mama kwamba nyongo haina kitu, na kwamba sasa tunalijua hilo, ilhali mwezi uliopita tulikuwa tunalikisia.

Mrija uliokaa na kipimo kile kile kwa miaka mingi, unaopungua kwa ulaini, na ambao EUS imeutazama hadi mwisho bila kukuta kitu, huku GGT ikiwa ya kawaida, sioni sababu ya kuupiga picha kila mwaka. Apimwe damu ya ini pale atakapopata dalili mpya, na ripoti hii ya EUS ikae pamoja na ile ya 2017, ila isikae chini ya godoro. Piga picha ya kurasa zote kwenye simu yako. Siku yoyote akipata umanjano, mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa, choo cheupe au homa ya kutetemeka, hesabu inaanza upya na haya yote yawekwe pembeni. ALP iliyobaki juu bila GGT ichunguzwe upande wa mifupa. Vitamini D ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kidonda kitibiwe kwa dawa za kuua bakteria pamoja na ya kupunguza asidi, kwa siku 14 kamili hata akipata nafuu siku ya tano. Kipimo cha kuhakikisha kwamba bakteria wameisha kifanyike wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza dawa hizo za bakteria, na ile ya kupunguza asidi iwe imeachwa angalau wiki 2 kabla ya kupimwa, vinginevyo majibu hudanganya. Kwa kuwa kidonda kiko kwenye tumbo lenyewe na si kwenye duodeni, arudie endoskopi ya kawaida baada ya wiki 8 hadi 12 kuona kama kimefunga; hiyo hata Mombasa inafanyika.

Aspirini msiiache wenyewe. Mpelekeni kwa daktari wake wa moyo na ripoti ya kidonda mkononi wiki hii hii, aseme kama bado anaihitaji, na kama anaihitaji aandikiwe ya kulinda tumbo pamoja nayo.